Mkaratusi wa Stoo ya Mchele

Siku ya tatu ya msiba wa Khalati Zuwena niliketi kwenye sebule yake pale Mawaleh, Maskati, chini ya kiyoyozi kilichowekwa baridi ya kugandisha samaki, nikakohoa mbele ya wanawake chungu nzima. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema tangawizi, mwingine asali na bizari, wa tatu akasema hakuna kama kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa mambo hayo, Mungu amrehemu. Hapo niliinuka nikaenda jikoni bila ya kuaga, na nyuma yangu nikasikia wakinong'onezana kwamba maskini Rahma kazidiwa na kilio. Sikuzidiwa na kilio. Nilizidiwa na hasira, na hasira yenyewe ni kongwe, nimeibeba tangu nina miaka kumi na tisa. Miaka yote nilimbebea yeye, na yeye tumekwisha kumzika, ndipo nikabaki nayo mikononi sijui niitue wapi. Nilisimama mbele ya friji lake nikalifungua na kulifunga mara mbili, sitafuti chochote.

Kwa nini nilikuwa nakaa kwa Khalati, dada yake mama yangu, badala ya kukaa kwetu, ni hadithi ya watu wengine, na baadhi yao wako hai, basi niiache. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza skuli na sina pa kwenda. Khalati alikuwa akipika vileja na sambusa za kuuza, na kazi yangu ilikuwa kuzipeleka kwenye majumba ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nimepakata masinia kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Katika wateja wetu alikuwako mwanamke mmoja wa Australia aliyekuwa akipenda vileja kupita kiasi. Siku moja nilimkuta anafunga mizigo, mume wake amemaliza kazi, wanarudi kwao. Alinipa bahasha ndogo ya karatasi. Ndani mlikuwa na mbegu nyembamba mno, zimechanganyika na makapi, ukizipigia chafya zimekwisha. Akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba ni za mkaratusi wa milima ya kwao, mti unaosimama kwenye theluji miezi mizima, unajipinda kwa uzito wake lakini haufi, na gome lake likibambuka huacha michirizi ya kijani, nyekundu na rangi ya maziwa. Alinionyesha picha. Mimi ambaye baridi kali niliyoijua ilikuwa ya friji, niliitazama ile picha mpaka sinia likaanza kuniuma mkono.

Ningezitia zile mbegu kwenye droo zikafa kimyakimya kama si Ami Saif. Huyu alikuwa mtu mzima, amezaliwa Unguja kama Khalati, mwenye shamba na kitalu cha miche juu Jabal Akhdar, ambako usiku wa baridi maji huganda kwenye ndoo. Alikuwa akiteremka na makomamanga yake kuyaleta soko la Mawaleh, na Khalati hakununua komamanga kwa mtu mwingine. Nilimsikia akilalamika kwamba upepo wa kule juu unamvunjia miche, anataka mti wa kukinga, kila anaoujaribu baridi inauua. Nikatoa bahasha. Aliifungua, akanusa, akanirudishia.

"Mbegu kila mtu ananletea, binti yangu," alisema. "Mie mbegu n'nazo gunia. Nletee mche mmoja ulio hai, unafika gotini, kabla ya baridi kuingia. Nikiuona kwa macho yangu, kitalu nnakupa ukiangalie wewe. Utakaa na wanangu wa kike, na mshahara utakula."

"Wallahi, Ami?"

"Nshasema mbele ya khalati yako."

Khalati alikuwa anabonyeza makomamanga, hakugeuka. "Mti ukisimama atakuja," alisema. "Mie simzuii."

Nataka hili lieleweke, kwa sababu wanangu wakinisikia hudhani ni kichaa cha ujana tu, msichana na mti. Upande wa pili ilikuwa kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja ya mizigo huko Mutrah, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, kazi ambayo jamaa walikuwa wamekwisha kunitafutia na kunipongezea kabla sijaulizwa. Mche mmoja unaofika gotini ndio uliosimama baina yangu na ile meza. Sikuwa na kitu kingine.

Yule mwanamke alikuwa amenielekeza kwamba mbegu hizo haziamki mpaka zidanganywe kuwa zimepitiwa na majira ya theluji: uzichanganye na mchanga wenye unyevu, uziweke kwenye baridi wiki sita. Nilizitia kwenye kopo tupu la halua nikalisukuma nyuma ya friji, baina ya dumu la ukwaju na samaki. Halikumaliza siku mbili. Niliitwa jikoni kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Nini hii, Rahma? Mchanga kwenye friji langu?"

"Mbegu, Khalati."

"Mbegu gani hulazwa na samaki?"

"Za mkaratusi."

Akasita, mkono umeshika kopo. "Mkaratusi wa kufukizia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kueleza kwamba huu ni mwingine, wa theluji, wa kupelekwa mlimani. Lakini nilitaka ile nafasi kwenye friji, na nilijua wapi pa kumshika Khalati. Nikasema, "Ndio huohuo, Khalati. Dawa ya mafua. Kama wa kwenu." Uso wake ulilainika palepale. Alipangusa kopo kwa kanga yake akalirudisha mwenyewe, juu kidogo, mbali na samaki. "Ungesema mapema," alisema. "Dawa haifukuzwi nyumbani." Sikulirekebisha neno lile siku ile wala siku nyingine.

Ilichipua miche saba. Katika miezi ya baridi ilikaa kwenye baraza ya nyuma, ina vijani viwili viwili, na mimi kila nikitoka kuswali alfajiri naipitia kuihesabu. Mwezi wa nne ukaingia na joto lake. Mmoja ulikauka kwa saa moja tu niliyousahau juani nikikaanga sambusa, na mwingine niliuozesha kwa maji mengi, kwa huruma ya kijinga. Ndipo nilipoomba stoo. Stoo ya Khalati ilikuwa chumba chembamba kando ya jiko, kina magunia ya mchele, madebe ya samli, papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti, na dirisha lenye mwanga mwingi lisilopigwa na jua. Kilikuwa na kiyoyozi cha zamani cha dirishani, kilichowekwa kwa ajili ya mchele usiingie wadudu. Nilipanga miche yangu chini ya dirisha, nikakifungulia kile kiyoyozi mpaka mwisho wake, na kwa kuwa kilikuwa na tabia ya kujizima chenyewe, nikahamishia godoro langu mle niwe nakiamsha. Nililala na blanketi mbili katika joto la Maskati ambalo watu walikuwa hawawezi kugusa mlango wa gari. Nguo zangu zote zilinuka papa.

Alasiri, baada ya wali, Khalati alikuwa na saa yake ya simu na shoga yake Bi Ghaniya, na ukuta wa stoo haukuzuia kitu. "Analala na mti, Ghaniya," nilimsikia. "Wallahi tena. Mtoto wa kike kalala na magunia, mashine inanguruma kutwa kucha, kuta zinatoka jasho. Asubuhi namuuliza, bwana harusi wako kaamkaje? Ananununia." Kicheko. Kisha sauti ikashuka, nikasogeza sikio. "Hapana, simkatazi. Kazi ya Mutrah haitoroki, karatasi ziko palepale. Lakini hajapata kutaka kitu huyu tangu aje kwangu. Hata nguo ya Idi alikuwa akisema yoyote tu. Sasa kataka kitu, mwache." Nililala pale juu ya godoro nikiona haya, na badala ya kutoka nikamkumbatie, nilijifanya nimelala alipoleta chai na mkate wa ufuta. Kila nikikumbuka ule mwaka nakumbuka ile sahani imewekwa chini kando ya kichwa changu, polepole, isigonge.

Umeme ulikatika mchana mmoja wa mwezi wa saba na kwa saa hizo chache ikafa minne. Ukabaki mmoja. Huo mmoja nikaugeuza dini. Niliupima kwa mwiko wa wali, nikauzungusha kila siku ili usipinde shingo kufuata dirisha, nikafuta majani yake kwa pamba. Majani yalikuwa mazito, magumu, yana mistari iliyokwenda sambamba toka mwanzo hadi ncha. Chini kabisa, mti unapoingia kwenye udongo, palianza kufanya uvimbe kama kitunguu kidogo. Nilidhani ni maradhi. Sikuwa na wa kumuuliza, na Khalati alipoinama akautazama alisema tu, "Huu una mguu mzuri," nikamjibu kwa ufupi kwamba miti haina miguu. Mwanzo wa mwezi wa kumi ulinifika gotini. Ami Saif akaletewa habari, akasema Alkhamisi ijayo atapita.

Jumamosi nikaanza kuumwa. Miezi mitano ya kulala mbele ya ile mashine ilinidai yote kwa pamoja: homa, kifua kimebana, pumzi inapiga mluzi. Khalati alinihamishia chumbani kwake, akanikanda kwa samli na karafuu, akaninywesha supu ya pilipili manga, hakuna kilichosaidia. Alikuwa na hofu iliyopita kiasi cha mafua, nilisikia akimwambia Bi Ghaniya kwamba kifua kile anakijua, aliwahi kukisikia kwa mtoto mwingine, na huyo hakupona. Jumapili asubuhi aliniinua, akaniweka mbele ya sufuria inayofuka moshi, akanifunika shuka gubigubi, yeye mwenyewe akaingia ndani ya shuka kunishika mabega. Harufu ile iliingia mpaka nyuma ya macho, kali, safi. Kifua kikafunguka. Nilivuta pumzi kwa pupa. "Vuta, mwanangu, vuta," alikuwa akisema, jasho lake linanidondokea mkononi. Nikasema, na maneno haya nimeyasema mimi kwa ulimi wangu, "Alhamdulillahi, Khalati, nimepona." Sikuuliza majani yametoka wapi.

Alasiri niliamka nikaenda stoo. Kwenye chungu palikuwa na kishina cha urefu wa kidole gumba, kimekatwa kwa kisu, safi kabisa.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Khalati alikuja mbio na mikono yenye unga. Mwanzoni hakufahamu kabisa, alidhani nimeumwa na nge. Nilipomwonyesha chungu akasema, "Si dawa? Si ulinambia dawa? Sokoni leo hakukuwa na hata jani, Rahma, na wewe ulikuwa unakata roho." Nikamwambia ameniua. Nikamwambia maneno mengine ambayo hayaandikiki. Alisimama kuyasikiliza yote, kisha akapiga magoti mbele ya chungu kama anayetaka kukibembeleza. "Nimekiacha kishina makusudi," alisema. "Kitachipua, mwanangu. Mkaratusi ukiukata huchipua, kwetu tulikuwa tukiukata kila mwaka. Upe siku arubaini tu."

"Huu si wa kwenu!" nilimkemea. "Huu ni wa theluji! Unajua nini wewe?"

Nikakishika kile kishina nikaking'oa. Hakikutoka upesi, nilikivuta kwa mikono miwili, udongo ukaruka mpaka kwenye magunia, na ule uvimbe wa chini ukatoka mzima na mizizi yake. Nikaenda nao mpaka kwenye pipa la taka la nje, nikautupa, na gari la taka likapita jioni ileile. Khalati alinifuata mpaka mlangoni, akasimama pale. 

Alkhamisi Ami Saif alikuja. Nilijifungia stoo, nikakataa kutoka. Kupitia dirishani niliwasikia pale nje, kahawa inamiminwa, kikombe kinarudi sinini. Khalati alisema, "Kosa langu, Bwana Saif. Mtoto kaulea mwaka mzima, mie nimeukata nikamfukizia."  Ami Saif akauliza, "Na shina lake mmelifanyaje?" Kahawa ikamiminwa tena. "Nimelitupa," alisema Khalati. "Mie mwenyewe."  "Khair, Bi Zuwena. Haikuwa riziki." Gari likawashwa. Wakati ule nilishangaa tu kwa nini mzee anaulizia shina, nikadhani ni adabu za maongezi, na kwa Khalati kujibebesha la kutupa nikaona ni haki yake, kwa kuwa yote ameyaanza yeye. Mwezi uliofuata nikaanza kazi Mutrah. Nilikaa kwenye meza ile, kisha nyingine kubwa kidogo, mpaka nikastaafu, meli za mizigo zikaondoka zikaja za watalii, na mimi kila nikipiga chafya namlaumu mtu mmoja.

Naye alikubali kulaumiwa. Kila Idi, kabla sijamaliza kumbusu mkono, alisema, "Nisamehe lile jani langu, Rahma," na mimi nikacheka cheko la kuonyesha kwamba bado. Alipanda mkaratusi wa kawaida kwenye ukuta wa nyuma, ule unaostahimili joto, na kila msimu wa mafua aliukata mpaka chini kuwagawia jirani, na kila mwaka ukachipua mbele ya macho yangu, nimekaa kwenye kiti nakula wali wake wa nazi. Niliona. Sikuwa kipofu. Nilijiambia kwamba wa theluji ni mwingine, na neno hilo nikaliegemea miaka yote kwa sababu bila yake ningeanguka.

Mwaka jana nilimtembelea binti yangu mdogo, anayesoma Australia, na kwa kunifurahisha akanipandisha milimani nikaione miti yangu. Moto ulikuwa umepita huko. Maelfu ya mikaratusi imesimama mikavu, myeupe kwa juu, na chini ya kila mmoja, kutoka kwenye uvimbe ulio kwenye ardhi, yamechomoza matawi mabichi ya kunifika kiunoni. Binti yangu alimuuliza mlinzi wa msitu. Yule bwana akaeleza kwamba huo uvimbe ndio uhai wenyewe, mti huu hujiwekea tangu mdogo, uukate, uuchome, theluji iuvunje, alimradi mguu uko ardhini utachipua. Binti yangu alinitafsiria, akaniuliza kwa nini nimekaa chini kwenye majivu na suruali safi.

Nilirudi Maskati na nia moja. Ijumaa ya kwanza nilikwenda kwa Khalati, nikala, sikusema. Ijumaa ya pili palikuwa na wageni, au nilijifanya ni wengi. Ya tatu tulikuwa peke yetu na Neema, dada wa Tanga anayemtunza, na Khalati, ambaye sasa alikuwa analishwa kwa kijiko, alinishika mkono akasema, "Rahma. Lile jani langu. Umenisamehe kweli, au ndo vilevile?" Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nikasema, "Nimekusamehe, Khalati. Yamekwisha." Akafumba macho akasema alhamdulillahi mara tatu. Wiki ya pili yake tukamzika.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimesimama mbele ya friji, siku ya tatu ya msiba, nakohoa, wakati Neema alipoingia kwa mlango wa nyuma na kisu mkononi.

"Dada Rahma, nimekusikia kifua," alisema. "Nataka nikupigie nyungu. Ila bibi aliniachia agizo, alirudia sana hilo. Alisema, siku Rahma akiumwa na mimi sipo, mfukize, lakini usiguse jani mpaka umuulize mwenyewe kwanza. Mimi sijui kwa nini." Alionyesha nje kwa kisu, kwenye ukuta wa nyuma. "Kwa hiyo nakuuliza. Nikate?"

 Neema alisubiri, hakunihimiza, alishazoea wazee.

"Kata," nilisema. "Kishina ukiache."

"Si huwa tunakiacha siku zote," alisema Neema, akatoka.